Kiti cha Kushoto

Kasingirima, Ujiji
14 Januari 2024

Mjomba wangu Mwinshehe,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mama anakusalimu, goti lake la kulia bado linamsumbua, lakini mdomo haujambo, wiki hii kagombana na majirani wawili. Shadia ameingia darasa la nne. Baba yake yuko Uvinza kwenye chumvi, anakuja mwisho wa mwezi, akipenda. Mimi na biashara yangu ya mawese tunasukumana. Ningekupigia simu, ila mama anasema siku hizi simu unaishikilia sikioni bure, husikii hata salamu. Basi nimekaa chini kuandika, jambo ambalo sijalifanya tangu nilipomaliza shule, na Adolf wa boti ameahidi kukufikishia.

Mjomba, nimenunua gari. Usicheke! Ni kigari kidogo cheupe, mkono wa sijui wa ngapi, lakini kinavuta. Madumu ya mawese nayapanga kiti cha nyuma na kwenye buti, Shadia anakaa mbele kushoto kwangu, namshusha shuleni, kisha naendelea sokoni. Nimeachana na kubembeleza bajaji.

Shida ni moja. Kwenye dashibodi kuna kile kitaa chekundu chenye mtu aliyekaa na mkanda umempita kifuani. Shadia akikaa na kufunga mkanda, kimya. Akishuka, nikabaki peke yangu, kitaa kinawaka na kelele juu: ti-ti-ti-ti, abiria hajafunga mkanda. Abiria gani? Kiti kitupu, hata mkoba sijaweka! Nimepeleka kwa Thobias, fundi wa pale Mwanga, akacheka akasema, "Dada, umembeba jini, mtoze nauli." Mimi sikucheka. Naambiwa ule mfuko wa hewa wa ajali nao husikiliza kiti hichohicho. Sasa kama gari halijui nani yupo na nani hayupo, siku ya ajali litajuaje kwamba mwanangu amekaa pale?

Wewe ulikuwa fundi umeme wa magari ambaye watu walikufuata kutoka mbali. Nielekeze. Halafu siku moja utanieleza fundi umeme wa magari alikwenda kutafuta nini mahali ambapo gari halifiki.

Wako mpwa,
Yasmini


Kagunga, 3 Februari 2024

Mpwa wangu Yasmini,

Marahaba, na hongera ya gari. Huku kwetu uzima upo. Upepo umetuchezea wiki mbili, boti hazikutoka, dagaa wakawa wa kuhesabu. Mimi natengeneza redio na taa za sola, wateja wananitosha, na wengine wanatoka ng'ambo ya mpaka kwa jirani zetu Warundi. Mwambie dada yangu goti alikande kwa mafuta ya mawese ya moto, na mdomo aupumzishe.

Yewe Yasmini, unaogopa kitaa? Kitaa si mchawi. Kitaa ni mtumwa, kinasema kilichoambiwa. Sikiliza sasa. Chini ya kitambaa cha kile kiti kuna mkeka mwembamba wa plastiki wenye nyaya. Ndio unaopima uzito. Mkeka ukishika unyevu, au ukikunjika, unadhani kuna mtu, unapeleka habari mbele, na mbele wanapiga kelele. Kwa hiyo anika kiti juani siku nzima, madirisha wazi. Kisha upime: weka dumu la maji la lita tano juu ya kiti, halafu la kumi, halafu la ishirini, uone kinaanza kuwaka wapi. Ukishapima, fundi anyanyue kiti atazame nyaya za chini. Akikuta soketi ya njano asiiguse kabla ya kufungua betri na kungoja kama dakika kumi. Hiyo ndiyo ya mfuko wa hewa, na mfuko wa hewa hauna utani, unaweza kumlipukia usoni akakosa meno ya kukuchekea.

Mpaka hapo utakapopata jibu, ukiwa peke yako ufunge mkanda kwenye kiti kitupu. Gari litanyamaza. Na Shadia afunge kila siku, hata mkienda hatua tatu. Mkanda haujawahi kumdhuru mtu.

Hilo swali lako la mwisho ni la utoto. Mtu anazeeka, anatafuta mahali pa kimya. Ego, ndivyo.

Mjomba wako,
Mwinshehe


Kasingirima, Ujiji
25 Februari 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mama amekanda goti, anasema afadhali, ila ule ushauri wa mdomo kaurudisha kwako. Ziwa linazidi kupanda. Nyumba mbili za chini kule mwaloni wamezihama, maji yamefika madirishani. Shadia amekuwa wa sita darasani, anaringa.

Nimefanya yote uliyosema. Kiti nimekianika siku mbili mpaka kitambaa kikawa kigumu kama chapati ya jana. Lita tano, kimya. Kumi, kimya. Ishirini, ti-ti-ti. Nikaondoa madumu yote, kikazima. Nikapiga makofi peke yangu uani, nikasema mjomba kiboko!

Kesho yake nikateremka Kibirizi kupokea mzigo. Kiti kitupu. Nilipokata kona na ziwa likaonekana mbele, ti-ti-ti. Nikasema ni mteremko, nyaya zimecheza. Nikafika chini kwenye tambarare, bado. Nikaligeuza gari, ziwa likawa mgongoni, kimya. Nikaligeuza tena kutazama maji, ti-ti-ti. Mjomba, nimegeuza gari lile mara saba, mpaka wabeba mizigo wakadhani najifunza kuendesha.

Thobias akanyanyua kiti. Safari hii hakucheka. Kuna waya unaotoka kwenye kiti kwenda mbele. Umekatwa. Umekatwa zamani, ncha zake zimeota ukungu wa kijani, na kila ncha imefungwa kwa uzi wa nyavu, si kwa tepu kama mafundi wote wanavyofunga. Fundo dogo, limezungushwa mara mbili kisha likapitishwa kitanzi, safi kama la wanawake wanaoshona nyavu. Thobias akaniambia, "Dada, huu ndio waya wa kupeleka habari. Kwa ulivyokatwa, hii taa haiwezi kuwaka." Nikamwambia, "Lakini inawaka." Akasema, "Naiona." Basi hata madumu yangu, mjomba, yalikuwa yanapimwa na nani?

Na nimefunga mkanda kwenye kiti kitupu kama ulivyosema. Kweli, kinanyamaza. Lakini mkanda ukiufunga juu ya kiti kitupu hulala, si ndiyo? Huu haulali. Unasimama mbali na kiti, umejitunisha katikati, kama uliopita juu ya kifua. Niliusukuma kwa kidole ukalala. Nilipotoa kidole ukarudi taratibu pale pale.

Kuufungua nako ni kazi. Kitufe chekundu kinashuka nusu halafu kinagoma. Shadia ndiye aliyegundua ujanja: unausukuma kwanza ulimi wa mkanda ndani zaidi, ndipo unabonyeza, unachomoka. Anajiona fundi kukushinda.

Kitu kingine, rangi nyeupe ni ya juu. Ukifungua boneti, ndani ni kijani. Aliyeniuzia alisema gari lilitoka kusini, Kirando. Si ndiko ulikokuwa unakaa na marehemu Bi Mwanvua? Labda umewahi kuliona barabarani.

Nasubiri jibu lako. Mtoto anakaa pale kila asubuhi.

Yasmini


Kagunga, 20 Aprili 2024

Yasmini,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Mvua zilikuwa nyingi.

Shadia asikae kile kiti tena. Hata kesho, hata hatua tatu. Mkanda wa kile kiti usimfunge mtu, na yale niliyokuandikia kuhusu mkanda yafute. Gari liuze. Usiniulize sababu, mimi ni mkubwa wako na sijawahi kukuomba kitu.

Kitaa kikiwaka, kuna sauti nyingine yoyote mnayoisikia, mbali na ile kelele?

Usijibu hilo. Uza tu.

Mwinshehe


Kasingirima, Ujiji
1 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Wazima wote. Mama ana mafua.

Miezi miwili nimesubiri, halafu nimepata mistari tisa! Mvua? Adolf amekwenda na kurudi Kagunga mara nane, anasema kila akikuuliza barua unamwambia bado wino. Mjomba, mimi si mtoto. Nikiuza hili gari, atakayelinunua naye ana mtoto. Wa kwangu asikae pale ila wa mwenzangu akae? Hilo umelifikiria?

Nikuambie hali ilivyo. Shadia nimemhamishia nyuma siku ileile niliyopata barua yako, nimembana katikati ya madumu. Sikumwambia kwa nini. Asubuhi moja nilitaka kuweka dumu pale mbele, akanidaka mkono. "Mama, usiweke hapo, utamwekea mtu mapajani." Nikamuuliza mtu gani. Akasema hajui, hageuki nyuma. Kasema hivyo kama anayeniambia habari za mwalimu wake, kisha akaendelea kula muhogo. Mimi dumu nikalirudisha nyuma.

Jumatatu nilikuwa peke yangu, kelele ikanichosha, nikasahau maneno yako nikafunga mkanda kwenye kiti kitupu. Mpaka leo haujafunguka. Ujanja wa Shadia umegoma. Thobias kaleta bisibisi, kaleta koleo, kakata tamaa. Kisu kinateleza kwenye ule mkanda kama kimepakwa mafuta. Alitoa hadi fyuzi ya kitaa, na tulipogeukia ziwa, ti-ti-ti. Amenirudishia funguo mkononi, akasema, "Dada, gari lako sina chombo cha kulipimia." Mjomba, juzi tu mwanangu alikuwa amefungwa humo. Ungekuwa umegoma na yeye yumo, je?

Jambo la mwisho. Kwenye barua yako kuna mstari umeufuta kwa kuukwaruza. Niliinua karatasi juani. Nimesoma neno moja tu, Mwanvua. Sisi tuliambiwa mkeo alikufa maji, tukaja Kirando kwenye arobaini, ukakaa kwenye mkeka hukusema neno. Hatukukuuliza, tuliona una msiba. Sasa nakuuliza, ingawa wewe ni mkubwa wangu. Lile fundo la uzi wa nyavu ni la nani?

Mpwa wako,
Yasmini

Sauti nyingine hakuna. Uliniambia nisijibu, nimejibu.


Kagunga, 9 Juni 2024

Yasmini mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Naandika "hatujambo" kwa mazoea. Niko peke yangu. Pole ya mafua kwa dada yangu. Barua hii ni ya nne, tatu nimechemshia chai.

Gari ni langu. Lilikuwa la kijani. Waya niliukata mimi, na lile fundo alinifundisha Mwanvua, aliyeshona nyavu za baba yake tangu hajavunja ungo. Alisema tepu inabanduka kwenye joto, uzi wa nyavu haubanduki. Ni kweli haukubanduka.

Niliukata kwa sababu kitaa kilikuwa kinapiga kelele ovyo na yeye akawa ananicheka, fundi wa watu gari lake linalia kama mtoto mchanga. Na ile kufuli ya mkanda ilikuwa imelegea, ulimi unachomoka wenyewe. Fundi wa kweli angetafuta kufuli nyingine. Mimi niliipasua nikaipachika msumari mdogo ndani ili ishike. Ikashika. Ikashika mno. Nikamwonyesha mke wangu ule ujanja aliougundua Shadia, sukuma ndani, bonyeza, vuta. Kwenye nchi kavu alikuwa anaweza hata kwa mkono mmoja, huku anaongea.

Siku ile tulikwenda gatini kununua samaki. Saa nne asubuhi, jua kali, watu wamejaa. Nilitaka kurudi nyuma, nikaweka gia ya kwenda mbele. Miaka thelathini nimeendesha, Yasmini, nikafanya kosa la mtu wa siku ya kwanza. Gari halikuzama mara moja. Lilielea kidogo, likainamisha pua. Dirisha langu lilikuwa wazi, la kwake limefungwa.

Mliambiwa alikufa maji, mkadhani boti. Sisi watu wa ziwa tukisikia fulani kafa maji hatuulizi ilikuwaje, tunauliza mwili umepatikana. Nikawaacha mdhani hivyo. Lakini huo si uongo wangu mkubwa. Watu wa Kirando walioniona nikitolewa niliwaambia nilihangaika kumfungua mkanda nikashindwa. Wakanilaza, wakanipa chai, wakanisifu.

Sikuhangaika. Sikuugusa ule mkanda. Yeye alibonyeza na kubonyeza, ule ujanja ukampotea, na nani angeukumbuka maji yakiwa kifuani? Kisha akanishika shati hapa begani. Akaniita kwa jina langu, jina tupu, ambalo hakuwahi kuliita tangu tuoane. Nami mikono yangu yote miwili ilikuwa mizima. Nilifungua vidole vyake, Yasmini. Kimoja kimoja, na alikuwa na nguvu. Kufungua vidole vile kulichukua muda mrefu kuliko ule ambao ungetosha kufungua mkanda. Nikatoka dirishani.

Walipolivuta gari juu siku ya pili sikwenda kulitazama. Nilimwambia wa kwanza aliyelitaka alichukue kama chuma chakavu. Nikatafuta mahali ambapo sitasikia mlango wa gari ukifungwa, nikapata hapa.

Mnasema masikio yangu ni uzee. Yaliziba siku ile yalipoingia maji, hayakuzibuka. Neno la mwisho nililolisikia sawasawa katika dunia hii ni jina langu. Ndiyo maana nilikuuliza habari za sauti. Nilitaka kujua kama bado anaita.

Umesema kweli, usiuze. Mtoto wa mwenzio naye ni mtoto. Lifunike, lisiendeshwe. Ziwa likitulia nitapanda boti ya Adolf. Msiniandalie chakula. Ukimwambia dada yangu kabla sijafika sitakulaumu, maana mimi mwenyewe sidhani nitaweza kumtazama na kusema.

Mwinshehe


Kasingirima, Ujiji
21 Julai 2024

Mjomba, shikamooni.

Sijakosea kuandika. Nitakueleza.

Mama nilimsomea barua yako yote. Alilia, akakutukana matusi ambayo sikujua anayajua, akasema Bi Mwanvua alimsuka nywele siku ya harusi yake. Siku tatu hakula. Ulipokuja alijifungia chumbani, uliona mwenyewe. Jana ndipo aliponiuliza kama huko kuna mtu wa kukupikia. Nakuandikia ujue hivyo tu, mengine yatakuja kwa wakati wake, au hayatakuja.

Hukunipa nafasi ya kuongea nawe, na ulikuwa husikii. Ulituambia kwa mkono tubaki mbali, mimi na Adolf, ukaliendesha gari mwenyewe mpaka ukingoni pale Kibirizi. Basi nikuambie tulichokiona sisi, maana wewe ulikuwa umetupa mgongo.

Ulipolielekeza ziwani kitaa kikaanza. Tulikisikia tulipokuwa, kioo chako kilikuwa wazi. Wewe ulikuwa unatazama mbele tu, nikajua husikii. Halafu, kelele ikiwa haijakatika, uligeuza shingo upande wa kushoto ghafla, kama mtu aliyeitwa. Mjomba, hakuna aliyekuita. Adolf alinishika mkono akaniuliza, "Umesikia kitu?" Nikasema hapana. Na kweli sikusikia. Lakini wewe ulijibu, nilikuona midomo.

Ukainama. Sikuona ulivyofanya, niliona bega lako likishuka mara moja tu. Mkanda ambao Thobias aliutolea jasho ukafunguka, ukajikunja kurudi mahali pake polepole, bila haraka. Kelele ikakatika. Ukashuka upande wako, ukazunguka, ukafungua mlango wa kushoto, ukasimama umeushika kitambo. Kisha ukaufunga kwa upole, ukaenda zako kwenye boti bila kutuaga. Shati lako lilikuwa limevutika begani, shingo yake imekwenda upande, nawe hukulirekebisha.

Thobias ameondoa ile kufuli, ameukuta msumari, umeliwa na kutu umebaki kama mwiba. Kaweka kufuli nzima na waya mpya. Nimegeukia ziwa mara sijui ngapi. Kimya. Shadia amekaa pale jana bila kuulizwa, akafunga, akafungua, akaweka mkoba wake kando kama kawaida. Nilimuuliza kama kuna chochote. Akasema, "Hapana, alishashuka."

Ila Adolf alikuja kwangu juzi, hakukaa hata kitini. Miaka ishirini yuko majini na hajawahi kuniuliza swali la kipuuzi. Kaniuliza una uzito gani. Anasema mlikuwa abiria wachache siku ile, nawe ulikaa ubao wa nyuma peke yako, kila aliyetaka kukaa karibu ulimzuia kwa mkono. Boti ikalalia upande wako, maji yakawa yanachungulia ukingoni. Ikabidi ahamishie magunia mawili ya chumvi upande wa pili ndipo ikakaa sawa. Alidhani amepanga mzigo vibaya. Mlipofika Kagunga ukashuka, wewe mtu mmoja mwembamba, na boti ikaangukia upande wa magunia kwa kishindo mpaka watu wakapiga kelele.

Nilimwambia Adolf hakukosea kupanga mzigo.

Mjomba, nimekukasirikia, na bado nimekukasirikia. Ungeandika ukweli mwezi wa tatu, mwanangu asingekaa pale hata siku moja zaidi. Lakini nimekulilia pia, siwezi kukuficha. Miaka kumi umejificha mahali gari halifiki, na yeye amefika kwa boti kama watu wengine wote. Mpokee. Mpe nafasi ya kukaa. Na akikushika shati, mjomba, safari hii mwache akushike.

Mpwa wenu,
Yasmini